Siku Niliyoingia Chumbani kwa Mkwe

Niseme mapema kwamba haya siyaandiki kwa moyo mweupe. Nina hasira. Walioniomba niandike walisema niwatie moyo kina mama, niseme Mungu ni mwema, na Mungu ni mwema kweli, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na watu. Mimi nauzaga dagaa pale soko la Mwigobero, Musoma, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaongea hapa kama ninavyoongea mezani kwangu, na wateja wangu wanajua dagaa zangu hazina mchanga na mdomo wangu hauna breki.

Ugonjwa wenyewe ni presha ya mimba, ile ambayo ikiachwa inageuka kuwa kifafa cha mimba. Mimi ilinipata nikiwa na mimba ya binti yangu Veronika. Miaka ikapita, Veronika akakua, akaolewa, ikampata na yeye. Wote tuko hai. Tungekuwa tumekufa, watu wangesema vizuri juu yetu.

Yangu nitaisema kwa kifupi. Nilikuwa Bunda kwa kaka yangu Masatu, nimeenda kuwasaidia kuvuna pamba. Miguu ikavimba mpaka kandambili zikanikataa. Uso ukajaa. Watu wakafurahi, "Nyangeta umenawiri, Bunda imekupenda." Wifi yangu akasema huyo ni mtoto wa kiume, wa kiume ndio wanavimbishaga. Halafu kichwa kikaanza, kichwa cha mtu anapasua kuni ndani yake, na hapo sikumbuki tena. Nilizinduka hospitali ulimi umeng'atwa, tumbo halipo, na pembeni kitoto kidogo kama sato ambaye mvuvi mwenye haya angemrudisha ziwani. Siku hizi hawarudishi, wanauza hata wadogo namna ile, lakini hiyo ni hasira nyingine.

Huyo sato ndiye Veronika. Na presha nilitoka nayo Bunda, haikuniacha. Mpaka leo namezaga kidonge kabla ya uji.

Sasa, kwa kuwa mimi sifichagi, siku Veronika alipokuja kuposwa nilisema. Aliyemtaka ni Magesa, kijana wa Buswahili, anachomelea mageti pale Kiabakari, kijana mtulivu ila mtulivu kupita kiasi. Wazee walikaa sebuleni kwangu, sisi wanawake jikoni kama ilivyo. Mazungumzo yalipokaribia kwisha nikasimama mlangoni, nikasema, "Mimi nilianguka kifafa nikimzaa huyu. Akishika mimba, kliniki mapema, na presha ipimwe kila mara. Msije mkasema sikuwaambia."

Kaka Masatu akaniangalia kama nimemwaga mboga. "Nyangeta, rudi jikoni."

Mzee Wambura, baba mdogo wake Magesa na ndiye msemaji wao kwa sababu baba mzazi alishafariki, akakunja mikono. "Kumbe tunaletewa kifafa na hatukuambiwa?"

"Si nimekuambia sasa hivi?"

"Tumeshakula."

"Basi mmeambiwa mkiwa mmeshiba."

Magesa akasema anamtaka Veronika hivyohivyo, ndoa ikaendelea. Mama yake, Mama Magesa, alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Aliangalia chini, akachomoa majani ya mkeka moja moja. Nilidhani ni aibu ya kukaa na mtu mwenye mdomo kama mimi. Tangu siku ile, kule Buswahili nyumba yangu ikaitwa nyumba ya kifafa. Veronika akiumwa jino, ni nyumba ya kifafa. Akiunguza ugali, ni hiyohiyo.

Mimba ilishika mwanzoni mwa vuli. Kliniki alienda, nisiwasingizie, lakini mara ya pili kipimo cha presha kilikuwa kibovu, akaambiwa aje siku nyingine, na hiyo siku nyingine Mzee Wambura akasema hakuna haja ya mtoto wa watu kuzunguka na bodaboda kila wiki kwa sababu mama yake ni muoga. Nikipiga simu, Veronika anasema yuko sawa. Sauti ya mtu anayesema yuko sawa huku kuna watu wanamsikiliza.

Masika ilipokolea, dagaa zangu zikanyeshewa zikiwa zimeanikwa, zikanuka, nikasema bora. Nikafunga zile nzuri kwenye mfuko, nikaenda Buswahili.

Hapa lazima nieleze kitu, maana wasomaji wa mbali hawatanielewa. Kwetu sisi, mama wa mke haingii chumba cha mkwewe wa kiume. Kitanda cha mkweo hukioni. Mkwe mwenyewe humkazii macho, na yeye hakuangalii usoni, mkikutana njiani mmoja anajifanya anatafuta kitu porini. Ukienda kumsalimia binti yako unakaa uani, unaletewa kigoda, binti anakufuata hukohuko nje. Ni heshima, na mimi nimeilinda maisha yangu yote. Sasa fikiria binti hawezi kutoka nje.

Nilikaa kwenye kigoda. Mama Magesa akaniletea uji.

"Veronika yuko wapi, mkwe?"

"Amepumzika."

"Saa hizi za mchana?"

"Mimba ya kwanza, mkwe. Kunywa uji kwanza."

Nikahamisha kigoda mpaka chini ya dirisha la chumba chao. Pazia limefungwa. "Vero."

"Mama."

"Toka nikuone."

"Siwezi, mama. Kichwa. Mwanga unaniumiza."

"Unaona vizuri?"

Halafu akasema, polepole kama mlevi, "Naona vimulimuli."

Jua lilikuwa utosini.

Nikamwambia Mama Magesa, mtoe huyu mtoto nje. Hakusogea. Akasema tumsubiri Magesa atoke kazini. Mzee Wambura, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya zizi, akaja kusikia kelele ni za nini. Nikamwambia binti yangu anaona vimulimuli mchana, na mimi niliviona hivyohivyo kule Bunda, na baada ya vimulimuli ni kuanguka.

"Mambo yenu hayo ya kwenu," akasema. "Atapewa dawa, atalala."

Nikainuka. Akanitangulia mlangoni, akashika miimo yote miwili. "Mama Vero, unajua hiki ni chumba cha nani."

"Cha binti yangu."

"Ni cha mkweo. Unajua mwenyewe mtu akivuka hapa ni nini. Mbuzi, wazee, kutakaswa. Utatuchafulia mji, boma zima."

"Mzee, nina mikono ya kubeba magunia ya dagaa. Ondoka au nikuondoe."

Alidhani natania. Nilipita chini ya mkono wake, na nadhani nilimkanyaga, na kama sikumkanyaga nasikitika.

Niliona kila kitu ambacho mama mkwe hapaswi kuona. Suruali za Magesa kwenye msumari. Kitanda hakijatandikwa. Na juu yake mtu ambaye ningekutana naye sokoni nisingemjua. Macho yamekuwa michirizi, midomo imejaa, pete ya ndoa imezama kwenye kidole kama uzi uliofungwa kwenye soseji. Alikuwa ametapika kwenye beseni. Akashika tumbo juu, chini ya mbavu za kulia. "Hapa, mama, hapa panawaka."

Nikamfunga kitenge, nikamburuta nje. Nasema nikamburuta, sisemi nikamsindikiza. Mzee Wambura alikuwa anahesabu makosa yangu kwa sauti. Mama Magesa peke yake ndiye aliyekimbia barabarani kuita bodaboda, hilo namwandikia.

Kwenye kituo cha afya Veronika alianguka barazani kabla hatujaandikishwa. Sitaeleza. Aliyeona mwanae akitupwa na mwili wake mwenyewe anajua, na ambaye hajaona asijue. Wakamchoma sindano pajani huku na huku. Baadaye aliniambia inachoma kama pilipili inayotembea kwenye mishipa. Gari la wagonjwa likatupeleka Musoma.

Hospitali ya Musoma ndipo nilipojifunza benchi. Kuna benchi ya wanaosubiri kuzaliwa na benchi ya wanaosubiri maiti, na sisi tulikalishwa katikati. Nesi akitokea mlangoni na kusema "ndugu wa…" watu wote wanainuka, halafu wanakaa. Nilimwuliza mmoja kinachoendelea, akanijibu, "Bibi, kaa utulie, huu sio mnada." Nikamwambia mnadani ng'ombe anaelezwa yuko vipi kabla hajachinjwa. Hakunipenda, na mimi sikumpenda. Lakini mama mmoja mfagizi, hakujua jina langu wala sikujua lake, alinisogezea chupa ya chai na kusema, "Kunywa, umekaa na tumbo tupu." Nilikunywa nikalia kidogo, basi, nikaacha.

Magesa akafika na masizi ya kuchomelea usoni. Daktari akamwambia wazi mbele yangu: presha haishuki, figo zinachoka, ataanguka tena. Dawa ya ugonjwa huu ni mtoto kutoka, na kwa hali yake ni kwa upasuaji, sasa hivi. Mtoto hajatimiza miezi minane. Magesa akapewa karatasi asaini. Simu yake ikaita, nikasikia sauti ya Mzee Wambura hata bila spika. Asisaini. Mtoto wa miezi hiyo hataishi, na mwanamke akipasuliwa mimba ya kwanza ameshaharibika. Wangoje, kuna mtu wa dawa ameitwa.

Magesa alisimama na kalamu, anaangalia ukuta. Kuniangalia mimi haruhusiwi.

"Magesa," nikasema. "Niangalie."

"Mama, siwezi."

"Nimeshaingia chumbani kwako leo. Nimeona suruali zako. Hakuna kilichobaki cha kulinda. Niangalie."

Akageuka, akaniangalia. Mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu nikayaona macho yake, na ni macho ya mtoto.

"Zima hiyo simu."

Akaizima. Akasaini.

Mtoto alitoka wa kike, mdogo kuliko hata mama yake alivyokuwa. Veronika alipozinduka alikuwa haoni. Giza tupu. Daktari akasema kwa wengi nuru ya macho inarudi, nikamwambia mimi sina wengi, nina mmoja. Ikarudi, asante Mungu, kidogo kidogo, kwanza dirisha, halafu vidole vyangu, halafu sura yangu, akasema, "Mama umezeeka." Hilo ndilo neno tamu kuliko yote niliyowahi kuambiwa.

Wakati bado haoni, alikuja daktari mwingine, binti mdogo tu, anaitwa Anitha. Alikuwa ameshaomba, na Magesa akaridhia, akate kipande cha kondo la nyuma na achukue damu ya kitovu kwa ajili ya utafiti. Na Mzee Wambura naye alikuwa amefika na ndoo yenye mfuniko, maana kondo linazikwa nyumbani kwa baba wa mtoto. Akasema linakwenda lote.

"Mzee, nimechukua kama ukucha," daktari akasema.

"Hata ukucha ni wa kwetu."

Nikauliza huo ukucha unatafuta nini. Daktari Anitha alinieleza, na aliponiona sielewi akauliza kazi yangu ni nini, nikasema dagaa. Akasema, "Unajua taa za wavuvi wa dagaa?" Nazijua, nimeziona tangu karabai mpaka hizi za sola. Akasema mwili wa mtoto unaumbwa na kama taa nyingi sana, na taa ni zilezile alizorithi kwa baba na mama, hazibadiliki. Ila mimba yenye presha ni kama mkono unaopita, unapunguza taa hii, unaongeza ile. Inaonekana kwenye kondo na kwenye damu ya mtoto. Wanataka kujua kama baadhi zinabaki hivyo mtoto akikua, na kama ndiyo maana binti aliyezaliwa na mama mwenye presha naye anapata.

Nikamwambia, "Kwa hiyo nilimfanyia mimi. Nilimzima taa akiwa tumboni."

"Sijasema hivyo, bibi."

"Yule mtu wa dawa wa Mzee Wambura anasema ni tumbo langu. Hawa wa Buswahili wanasema ni tumbo langu. Wewe umesoma mpaka umevaa koti, na wewe unakuja na taa unanionyesha tumbo langu hilohilo."

Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema, "Hujafanya kitu. Uliumwa. Na kondo halitoki kwa mama peke yake. Nusu ni la baba. Mwanaume ambaye mama yake aliumwa hivi akimzaa, naye anaweza kuwa amekuja na sehemu yake." Nikamwuliza, sasa hizo taa mnajua namna ya kuziwasha tena? Akajibu, "Bado hatujui." Angalau hakunidanganya.

Halafu akamgeukia Mama Magesa, aliyekuwa amekaa pembeni ya ndoo. "Na wewe mama, ulipombeba Magesa, presha? Kuvimba? Kuanguka?"

"Sikuumwa," akasema Mama Magesa.

"Kwetu hakuna," akasema Mzee Wambura, akabeba ndoo yake.

Basi. Veronika nilimleta kwangu Musoma na mtoto amefungwa kifuani ngozi kwa ngozi, hivyo ndivyo walivyotufundisha, tukapokezana, mimi, yeye na hata Magesa siku za Jumapili, shati limefunguliwa, anaona haya. Kipindi cha dawa za kushusha presha kilichukua kiangazi chote. Uvimbe ulipoondoka ukaacha ngozi legelege, nywele zikatoka kwa mafungu, na Veronika akawa mkali, kila kitu kosa, chumvi kosa, redio kosa. Tuligombana mpaka majirani wakawa wanapunguza sauti zao watusikie. Kama uko nyumbani na mtu aliyetoka huko, usishangae. Mtu aliyeogopa kufa anakuja kukasirika akiwa salama.

Vuli ikarudi na mtoto amenenepa, na ndipo wakaja. Mzee Wambura na Mama Magesa, na Magesa nyuma yao. Walikuja kumchukua. Nikawapa chai. Mzee Wambura akasema mji umetakaswa bila mchango wangu, amesamehe, mke arudi kwake, na wakati wa kupata mtoto wa kiume umefika, mapema, kabla mwili haujasahau kazi.

Nikamwambia daktari amesema asibebe upesi, presha haijatulia vizuri. Akibeba sasa hivi anaweza kufa.

"Tutamwombea. Hayo mambo yalitoka nyumba hii, ameyaacha nyumba hii. Kwetu hakuna damu ya namna hiyo. Mtoto akibebwa kwetu, atabebwa salama."

Veronika alikuwa mlangoni na mtoto, nikaona mikono yake inakaza kitenge. Magesa akaangalia sakafu. Nikawa navuta pumzi nianze.

Mama Magesa akaniwahi. Akaweka kikombe chini. "Wambura," akasema, "nani aliniingiza kijiko mdomoni?"

Mzee akageuka. "Shemeji."

"Nilipoanguka nikizaa huyu Magesa. Nani alinikalia miguuni na nani akaniingiza kijiko cha mti? Ulikuwa kijana, ulikuwa na nguvu." Akavuta mdomo wa juu kwa kidole, tukaona pengo. "Jino hili ulilivunja wewe. Mkasema tusiseme, dada zenu hawataolewa. Nimenyamaza."

Magesa alikuwa anamwangalia mama yake mdomo wazi.

Sasa mngependa niseme nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilimwambia, "Ulijua. Siku ile uani, Vero alipotaja vimulimuli, ulijua vizuri kuliko mimi."

"Nilijua."

"Ukanipa uji."

"Ndiyo."

"Na posa ile, nilipotukanwa, ulikuwa unachomoa majani ya mkeka."

"Nyangeta, wewe ulisema, uliona walivyokufanya," akasema. "Mimi nilikuwa naishi nao."

Hasira yangu kwake ipo palepale, ila siku hizi ina kigoda, imekaa, haizunguki.

Aliyemaliza maneno ni Veronika. Akasema atarudi Buswahili kwa sababu anampenda mume wake, lakini sindano ya uzazi wa mpango ameshachoma na hataitoa mtu mwilini mwake. Siku atakayobeba, atabebea Musoma, karibu na hospitali, tangu mwezi wa kwanza. "Na kwa Daktari Anitha tutaenda wote, na wewe mama," akamwambia mama mkwe wake. "Ukalijibu upya lile swali." Mzee Wambura akatafuta kofia yake.

Walienda wiki hiyohiyo. Mimi nilikuwepo kwenye benchi. Mama Magesa akaulizwa, akajibu, kwa sauti ndogo, daktari akaandika. Akafungwa kile kitambaa cha kipimo mkononi. Presha yake ilikuwa juu kuliko yangu, miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumpima. Magesa akapimwa naye. Yake ilikuwa imeshaanza kupanda, umri ule.

Kwa hiyo dada unayesoma, au kaka, kichwa kikali, macho yenye vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu chini ya mbavu, usisubiri mtu atoke kazini. Na kama uliwahi kuanguka wewe, au mama yako, au mama wa mume wako, sema leo, mezani, wote wakiwa wanasikia. Watakuita majina. Mimi wameniita yote, na mjukuu wangu anatambaa.